TAA ZA PIKIPIKI ZINASUMBUA? USIKIMBILIE BALBU, FUATA UMEME



Leo naomba tuongelee kitu ambacho kila mwenye pikipiki kimeshamkuta au kitamkuta: taa. Ya mbele inafifia, ya nyuma haiwaki, indiketa imegoma, fyuzi inakatika kila ukigeuza funguo. Mimi kazi yangu ni umeme wa pikipiki na ninayoyaandika hapa ndiyo nayafanya kila siku kijiweni. Nimeyapanga ili hata ambaye hajawahi kushika bisibisi aweze kuyafuata, na fundi mchanga apate pa kuanzia.

Kwanza tuelewane kwa nini jambo hili si dogo. Lori likienda kilomita 80 kwa saa linakata mita 22 kila sekunde moja. Dereva wa lori akija nyuma yako usiku na taa yako ya nyuma haiwaki, anakuona pale tu taa zake zinapokugusa, na hapo anazo sekunde chache za kushtuka, kukanyaga breki na kusimama. Anaweza asiwahi. Ubaya wa taa ya nyuma ni kwamba wewe mwenyewe huioni. Unaendesha huku unaamini unaonekana, kumbe wewe ni giza tupu.

Pili ni mfuko. Kijana wa bodaboda ana hesabu ya bosi jioni, na abiria wengi wazuri wanapatikana kuanzia saa moja usiku. Taa ikigoma saa kumi na mbili jioni, kazi imeisha. Na ukilazimisha, trafiki yupo. Tanzania ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi 10,000 kwa kosa moja katika bajeti ya 2021/22, lakini hata hiyo 10,000 ukipigwa mara mbili kwa wiki, hesabu inayumba.

Sasa neno langu kuu ndilo hili: usianze kununua, anza kuuliza. Swali ni moja tu: UMEME UMEFIKIA WAPI? Ukilijibu hilo, spea unayohitaji inajitaja yenyewe. Usipolijibu, utabadilisha balbu, kesho flasha, keshokutwa regyuleta, na tatizo litakuwa limekaa palepale linakucheka.

UMEME UNAPITA WAPI?

Umeme ni safari ya kwenda na kurudi. Unatoka betri, unapita fyuzi, unaingia swichi ya funguo, unakwenda swichi ya taa kwenye usukani, unafika kwenye balbu, kisha UNARUDI betri kupitia waya wa erthi au chuma cha fremu. Watu wengi wanakumbuka ile ya kwenda tu. Ile ya kurudi ndiyo inayotesa mafundi, kwa sababu waya wa erthi umefungwa kwa bolti kwenye chuma, chuma kinashika kutu, rangi na matope, na kwa macho bolti inaonekana imekaza vizuri kabisa.

Wale wa pwani, yaani Dar, Tanga, Zanzibar, Mombasa, nyie ndio zaidi. Hewa ya chumvi inakula shaba taratibu. Viunganishi vinaota ule unga wa kijani na umeme unakosa pa kupita. Na bara kuna vumbi, halafu kuna ule mtindo wa kuosha pikipiki kwa mashine ya presha na kuelekeza maji moja kwa moja kwenye swichi za usukani. Maji yanaingia lakini hayatoki.

JUA KWANZA PIKIPIKI YAKO NI YA AINA GANI

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Pikipiki ndogo zina mifumo miwili ya taa kubwa.

Aina ya kwanza, taa kubwa inatumia betri. Aina ya pili, taa kubwa inapata umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti ndani ya injini, bila kupitia betri. Katika aina hii ya pili mara nyingi taa kubwa, taa ndogo ya nyuma na taa ya kumulika dashibodi zinakula umeme wa koili, halafu taa ya breki, indiketa na honi zinakula umeme wa betri.

Kujua ni rahisi. Zima injini, washa funguo, weka swichi ya taa. Ikiwaka, ni ya betri. Isipowaka, washa injini: ikiwaka sasa, na mwanga ukapanda na kushuka ukifuata resi, hiyo ni ya koili. Ila angalia kitu kimoja: baadhi ya pikipiki mpya taa yake inatumia betri lakini imewekwa isiwake mpaka injini iwake. Hapo tazama mwanga. Usipocheza na resi, basi chukulia ni ya betri mpaka mita ikuambie vinginevyo.

Kwa nini ni muhimu? Kwa sababu ukiwa na aina ya koili, kubadilisha betri hakutaongeza mwanga wa taa kubwa hata kidogo. Na kwa aina hiyo fyuzi nzima haikuambii chochote kuhusu taa kubwa, maana mara nyingi umeme wake haupiti kwenye fyuzi ile. Ukikuta taa kubwa na taa ndogo ya nyuma zimekufa kwa pamoja huku honi inalia na indiketa zinapepesa, usiguse betri. Tafuta njia ile ya koili: waya wake, konekta yake, swichi ya taa.

VIFAA

Huhitaji gereji. Unahitaji hivi:

1. Taa ya kupimia. Chukua balbu ya indiketa ya wati 10, unganisha nyaya mbili ndefu. Basi. Waya mmoja kwenye erthi, mwingine unagusa pale unapotaka kujua kama umeme upo. Tahadhari: pikipiki zenye sindano ya mafuta ya kompyuta usichokoechokoe nyaya za kompyuta kwa balbu hii, tumia mita tu.
2. Mita ndogo ya digitali. Ya kawaida kabisa inatosha.
3. Msasa laini, brashi ya waya, bisibisi mbili, plaizi, tepu nyeusi.
4. Fyuzi mbili za akiba za ukubwa uleule uliotumika. Soma namba kwenye fyuzi yenyewe au kwenye kifuniko chake. Nyingi ni 10 au 15.

RANGI ZA NYAYA

Pikipiki nyingi za Kichina zilizojaa mitaani zimefuata mpangilio wa Honda, hasa ile CG125 iliyoanza mwaka 1976. Kwa hizo, kijani ni erthi, nyekundu ni betri, nyeusi ni umeme uliopita kwenye funguo. Bluu ni fuli, nyeupe ni dimu, kahawia ni taa ndogo ya nyuma, kijani yenye mstari wa njano ni breki. Rangi ya chungwa ni indiketa ya kushoto, bluu mpauko ni ya kulia, na kijivu kinatoka kwenye flasha kwenda swichi. Kwenye regyuleta njano mara nyingi ni ya taa na nyeupe ni ya kuchaji, kwa hiyo usiichanganye nyeupe ya pale na nyeupe ya dimu.

Pikipiki za Kihindi na nyingine za Kijapani zina rangi zake, usizilazimishe kufuata hizi. Na pikipiki iliyopita mikononi mwa mafundi watano inaweza kuwa na waya mwekundu unaofanya kazi ya erthi. Rangi ni fununu tu. Mita ndiyo shahidi.

TATIZO LA 1: TAA KUBWA HAIWAKI KABISA

Toa balbu uitazame. Uzi umekatika? Kioo kimekuwa cheusi au cha maziwa? Hiyo imekufa. Lakini usitosheke na macho, kuna uzi unaokatikia chini pasipoonekana. Chukua nyaya mbili kutoka kwenye betri uiwashe moja kwa moja, kwa sekunde moja tu. Ikiwaka, balbu haina kosa, iache.

Sasa kwenye soketi ya balbu, weka taa ya kupimia: waya mmoja kwenye erthi ya soketi, mwingine kwenye tundu la dimu, kisha la fuli, huku swichi imewashwa. Kwa pikipiki za koili, injini iwe inanguruma. Haiwaki? Usiondoke hapo. Ule waya wa erthi wa kipimo chako uhamishie kwenye hasi ya betri. Ikiwaka sasa, umeshampata mwizi: umeme unafika ila haurudi. Erthi ya taa imekufa. Isipowaka bado, rudi nyuma hatua moja, pima kwenye swichi ya usukani, kisha konekta iliyo nyuma ya taa, kisha swichi ya funguo. Pale unapotoka penye umeme kwenda pasipo na umeme, katikati ya sehemu hizo mbili ndipo ugonjwa ulipo. Ndiyo kazi yote ya ufundi umeme hiyo, wala hakuna uchawi.

Kama dimu inawaka na fuli haiwaki, au kinyume chake, ni uzi mmoja wa balbu umekatika au swichi ya kubadilishia imechafuka. Balbu hizi nyingi ni za nyuzi mbili, wati 35 kwa 35. Swichi unaweza kuifungua, ukasafisha vile vishaba kwa msasa laini, ukafunga. Kuwa makini na kijispringi na kigololi, vikiruka huvioni tena.

TATIZO LA 2: MWANGA NI HAFIFU

Kwa taa ya koili, mwanga kushuka injini ikinguruma taratibu ni kawaida yake. Si ugonjwa. Ugonjwa ni pale unapopiga resi na mwanga haupandi.

Kwa taa ya betri, pima betri kwanza. Iliyojaa na kupumzika inasoma volti 12.6 hadi 12.8. Ikisoma 12.0, imekaribia kuisha. Washa injini, piga resi ya kati, pima tena kwenye betri: inatakiwa kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12 na ushee, haichaji, na hapo taa ni dalili tu. Tafuta koili, regyuleta au konekta iliyoungua kati yao. Konekta ya regyuleta nenda kaitazame kwa macho, ukiikuta imekuwa ya kahawia na plastiki imeyeyuka, umemaliza kazi ya kutafuta.

Kama betri iko sawa na mwanga bado hafifu, pima umeme unaopotea njiani. Weka mita kwenye volti, taa ikiwa inawaka. Waya mweusi wa mita kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye chuma cha erthi cha soketi ya balbu. Inatakiwa karibu na sifuri. Ikizidi 0.5, erthi ni mbovu. Halafu fanya upande wa pili: mwekundu kwenye chanya ya betri, mweusi kwenye mguu wa balbu unaoleta umeme. Hapo pia ikizidi 0.5, kuna swichi au konekta inayokula umeme wako.

Utasema nusu volti ni kitu gani. Mwanga wa balbu ya uzi haushuki sawasawa na volti, unaporomoka. Balbu ya volti 12 ukiipa 10.5, inapoteza zaidi ya theluthi moja ya mwanga wake. Kwa hiyo kabla hujanunua balbu ya wati 100 ambayo itayeyusha soketi na kuchosha koili, rudisha hizo volti zilizopotea. Ni msasa tu.

TATIZO LA 3: BALBU ZINAUNGUA KILA WIKI

Hii ndiyo inayokula hela za vijana. Anabadilisha balbu Jumatatu, Alhamisi imeungua, analaumu balbu feki. Kweli feki zipo, lakini balbu tatu mfululizo si bahati mbaya. Volti zinazidi. Zikizidi kwa asilimia 5 tu, umri wa balbu unapungua karibu nusu.

Pima volti huku unapiga resi. Ikivuka 15, regyuleta haifanyi kazi yake. Kwa taa za koili geuza mita kwenye umeme wa AC na upime kwenye soketi ya taa. Ukiona namba inapanda bila kikomo kadiri unavyovuta resi, ni walewale. Lakini ngoja, usikimbilie dukani bado! Regyuleta nayo ina erthi. Ikikosa erthi haiwezi kuzuia chochote hata kama ni mpya kutoka kwenye boksi. Safisha pale ilipofungwa, kaza, pima tena.

Niliwahi kuletewa pikipiki ya kijana mmoja wa Mbagala. Alikuwa ameshauziwa regyuleta mbili na balbu sijui ngapi. Nilipofungua, nikakuta waya wa kijani wa regyuleta umekatikia ndani ya ganda lake, nje unaonekana mzima kabisa. Waya wa sentimita 20 na tepu. Hela alizokuwa ametoa zingemlipia hesabu ya siku kadhaa.

Sababu nyingine: balbu imelegea na inatikisika, au balbu ya halojeni imeshikwa kioo kwa vidole vyenye mafuta. Kioo kile kinapata joto kali, pale penye mafuta panazidi joto na kinapasuka au kinafifia. Ishike kwa kitambaa safi au karatasi.

TATIZO LA 4: TAA YA NYUMA NA BREKI

Balbu ya nyuma ni moja yenye nyuzi mbili: wati 5 kwa taa ndogo na wati 21 kwa breki. Vile vipini viwili vya pembeni havilingani urefu makusudi, ili isiingie kinyume. Sasa mtu anailazimisha! Ikiingia kinyume, taa ndogo inawaka kali kama breki, na ukikanyaga breki hakuna tofauti inayoonekana. Aliye nyuma hajui umesimama.

Breki ina swichi mbili, ya mkononi na ya mguuni. Ikiwaka kwa mkono na kutokuwaka kwa mguu, balbu, waya na erthi viko sawa, tatizo ni swichi ya mguu. Mara nyingi imelegea, izungushe nati yake mpaka iwake mapema unapogusa pedeli. Ikiwaka muda wote, imevutwa mno. Usiipuuze: wati 21 ni karibu ampea 1.75, betri ya ampea 5 ukiiacha funguo imewashwa injini imezimwa, ndani ya saa tatu imekwisha.

TATIZO LA 5: INDIKETA

Kanuni fupi. Upande mmoja umebadilika mwendo au umegoma na mwingine uko sawa: tatizo liko upande ule, yaani balbu, soketi au erthi yake. Pande zote mbili zimegoma: tazama flasha, fyuzi, swichi na betri. Zinawaka bila kupepesa: flasha au betri dhaifu; piga resi, zikianza kupepesa ni betri.

Ukiweka indiketa za LED na zikaanza kupepesa haraka kama zina homa, si ubovu. LED zinakula umeme kidogo sana, flasha ya zamani inadhani balbu imeungua. Weka flasha ya LED, mambo yatakaa sawa.

TATIZO LA 6: MAMBO YA AJABU

Unakanyaga breki, indiketa zinawaka kidogo. Unawasha indiketa, dashibodi inapepesa. Unabonyeza honi, taa inafifia. Watu wanasema pikipiki imeingiwa na pepo. Hakuna pepo, ni erthi. Umeme ukikosa njia yake ya kurudi, unapita kwenye balbu ya jirani kutafuta njia nyingine, ndiyo maana jirani anawaka bila kuitwa. Ukiona dalili yoyote ya namna hii, usibadilishe kitu. Tafuta erthi ya eneo lile, hasa ile ya nyuma chini ya mkia na ile iliyo karibu na shingo ya usukani.

TATIZO LA 7: FYUZI INAKATIKA

Hii ni shoti. Na hapa nasema kwa herufi kubwa: USIWEKE KARATASI YA SIGARA WALA WAYA BADALA YA FYUZI. Fyuzi imewekwa ife yenyewe ili fungu la nyaya lisiungue. Nyaya hizo zinapita chini ya tangi la petroli. Fikiria.

Kuna njia nzuri ya kutafuta shoti bila kumaliza fyuzi kumi. Toa fyuzi iliyokatika, mahali pake unganisha ile taa ya kupimia, waya mmoja kila upande. Washa funguo. Kama shoti ipo, taa itawaka kwa nguvu, na hakuna kitakachoungua kwa sababu balbu inazuia. Sasa chomoa konekta moja moja: ya taa ya nyuma, ya usukani, ya honi, na kadhalika. Ukichomoa moja na taa yako ya kupimia ikazima au kufifia sana, shoti iko kwenye tawi hilo. Halafu geuza usukani kushoto na kulia: taa ikicheza, nyaya zimesuguliwa shingoni. Kwa uzoefu wangu hapo ndipo pa kuanzia, maana nyaya zinakunjwa kila kona unayokata. Pengine pa pili ni chini ya siti, palipobanwa na bolti, na ndani ya mkia ambako tairi inarusha matope.

KUUNGA WAYA KWA HESHIMA

Kupindia nyaya mbili kwa vidole na kufunga nailoni ni kujiandalia tatizo la masika ijayo. Menya, safisha mpaka shaba ing'ae, pindia, lehemu kwa risasi au tumia kiunganishi cha kubana, kisha funika kwa mrija wa kunywea kwa joto au tepu nzuri. Konekta zilizosafishwa zipake grisi kidogo ili maji yasiingie. Usitoboe toboe ganda la waya kwa sindano ukiwa unapima, kila tundu ni mlango wa kutu. Kabla ya kuanza toa waya wa hasi wa betri kwanza, na ukimaliza urudishe wa mwisho. Na usiwashe injini betri ikiwa imechomolewa, volti zinaweza kuruka na kuua vingine.

WALE WA MATAA YA UREMBO

Najua mnapenda. Spotilaiti mbili, LED za rangi chini ya tangi, chaja ya simu, spika ya muziki. Piga hesabu kwanza. Taa kubwa 35, ya nyuma 5, breki 21, indiketa mbili 20: jumla wati 81, karibu ampea 7 kwa volti 12, bado hujaweka spika. Koili ya pikipiki ndogo haikutengenezwa kwa ajili ya disko. Ukiongeza, tumia rilei na fyuzi yake peke yake kutoka betri, usinyonye kwenye waya wa taa kubwa. Na LED ya umeme wa betri usiifunge kwenye waya wa koili, itapepesa au itaungua. Spotilaiti ziinamishe chini. Ukimpofusha dereva anayekuja mbele, anakuja kwako wewe.

IKIKUKUTA NJIANI USIKU

Dimu imekufa, tumia fuli lakini nenda taratibu mpaka nyumbani. Taa ya nyuma imekufa, ingia pembeni kabisa mwa barabara, usitengeneze ukiwa juu ya lami. Gusa balbu, izungushe kidogo, piga piga mkia kwa kiganja: ikiwaka, ni soketi au erthi. Ikigoma kabisa, washa indiketa ya upande wa pembeni, vaa kizibao kinachoakisi mwanga na sukuma, au lala hapo kwa ndugu. Hesabu ya bosi inadaiwa kesho, uhai haudaiwi tena.

Na kila jioni kabla hujatoka kijiweni, kuna ukaguzi wa dakika moja. Simamisha pikipiki karibu na ukuta, mgongo wake uelekee ukutani. Washa taa, tazama wekundu ukutani. Bonyeza breki ya mkono, kisha ya mguu, wekundu uongezeke kila mara. Indiketa kushoto, kulia. Geuza pikipiki, dimu, fuli. Basi, pakia abiria.

Mwenye swali aeleze haya matatu: taa yake ni ya betri au ya koili, ni taa zipi zinawaka na zipi haziwaki, na mita imesoma ngapi. Akisema tu "taa haiwaki" nitamrudisha juu kule aanze upya. Na mafundi wenzangu mwenye njia bora zaidi aimwage hapa, sote tunajifunza.

Nawasilisha.